Ratiba ya Rangi Sita

Barua ya hospitali ilifika Jumatatu saa nne asubuhi, na saa tano haijagonga kiwanda kizima kilikuwa kimeshajua yaliyomo. Hospitali hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua karibu nusu ya mashuka, magauni ya wagonjwa na sare za wauguzi zilizoshonwa pale. Sasa ilikuwa inasema hivi: katika wiki kumi na mbili, kiwanda kioneshe kwamba maji yanayotumika kutengeneza nguo zake yamepungua kwa theluthi moja. Kisipoweza, mkataba mpya utakwenda kwa watu wengine.

Mkurugenzi, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake, alimwita Mnunuzi ofisini.

"Sisi hapa maji yetu ni ya chai na ya kunawa mikono," alimwambia. "Maji yote yako kwa yule mama anayetutilia rangi vitambaa. Kwa hiyo tunapimwa kwa bomba la mtu mwingine."

"Nitamwandikia barua leo hii," alisema Mnunuzi, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Umemwandikia barua miaka tisa. Safari hii nenda kwa miguu yako."

Mnunuzi alirudisha kalamu mfukoni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushei, nadhifu, shati limenyooka hata jioni. Kazi yake ilikuwa kununua vitambaa, nyuzi, vifungo na zipu, na kusimamia wote waliokuwa wakikihudumia kiwanda kutoka nje. Alijivunia fomu zake. Kila baada ya miezi mitatu aliwapelekea fomu ya kurasa nne, nao wakaijaza kwa kutia alama penye Ndiyo au Hapana. Fomu za mtia rangi zilirudi kila mara zikiwa na Ndiyo tupu, kuanzia juu mpaka chini. Je, mnatunza maji? Ndiyo. Je, mnasafisha majitaka kabla ya kuyamwaga? Ndiyo. Je, wafanyakazi wana glavu? Ndiyo. Katika miaka yote tisa hakuwahi kukanyaga pale, ingawa lori la kiwanda lilitumia dakika ishirini na tano tu kufika.

Alikwenda Ijumaa. Alibeba fomu mpya aliyoiongeza ukurasa wa tano, na katika bahasha ndogo alitia vile vipande vya mfano wa rangi alivyovitumia kukagua kila mzigo unaoletwa.

Karakana ya rangi ilikuwa jengo refu la bati lenye madirisha ya juu. Ukiingia unapokewa na mvuke wa moto, harufu ya chumvi na kitu kama siki, na kelele za pampu. Katikati palisimama mashine moja kubwa ya chuma, duara kama ngoma iliyolazwa, yenye kidirisha cha kioo. Sakafu ilikatwa mifereji midogo. Kuta zilikuwa na madoadoa ya kila rangi, utadhani watoto waliachiwa brashi wakaambiwa wafanye watakavyo.

"Hodi," aliita.

Mzee aliyekuwa akichochea boila aligeuka, akamtazama kuanzia viatu mpaka kalamu ya mfukoni, akageukia ndani na kupaza sauti: "Mama, Bwana Fomu amekuja mwenyewe."

Ndipo Mnunuzi alipojua jina lake la pale.

Mama Rangi alitokea nyuma ya marobota ya vitambaa akijifuta mikono. Alikuwa mama aliyekwisha kupita makamo, mrefu, kilemba kimekazwa, na vidole vyake vilikuwa vya samawati mpaka kwenye viungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Ungetuambia unakuja tungefagia." Lakini palikuwa pamefagiliwa, na ilionekana dhahiri kwamba palifagiliwa kila siku.

Alimtembeza. Alimwonesha ndoo za mchanga, glavu zilizotundikwa kwenye misumari, matangi mawili ya kutuliza majitaka nyuma ya jengo. Kwa kila swali la fomu alijibu "Ndiyo" kabla halijaisha kusomwa. Mnunuzi alitia alama, akatia alama, mpaka akafika kwenye mita ya maji ukutani. Mshale wake ulikuwa unazunguka kama feni. Akaitazama mita. Akaitazama mashine. Akainama kwenye kidirisha cha kioo.

"Mama, mbona humu ndani hamna kitambaa?"

"Hamna."

"Sasa maji haya yote yanaosha nini?"

"Inajiosha yenyewe."

"Inajiosha mara ngapi?"

Mzee wa boila, ambaye alikuwa akisikiliza kila neno huku akijifanya anahesabu magogo, alicheka puani. "Mwambie, mama. Si amekuja mwenyewe?"

"Nikimwambia atarudi ofisini aniandikie barua."

"Mimi leo sina barua," alisema Mnunuzi. Alifunga fomu, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakujua ni kwa nini alifanya vile. Pengine ni ule mshale; alishindwa kuuondolea macho. "Niambie tu, mama. Nataka kujua."

Mama Rangi alimpima kwa macho, kisha akakata shauri. "Hii ni mara ya tatu. Bado mbili. Jana tulitia nyeusi. Leo mnataka samawati, ile nyepesi kabisa ya mashuka ya watoto. Rangi nyeusi inaganda kwenye mabomba, kwenye mapindo ya chuma, kila mahali. Nisipoosha mara tano, mashuka yenu yatatoka kama anga la mvua, nanyi mtayarudisha. Jumatano tena ndiyo hivyo hivyo. Jumanne kijani, Jumatano manjano. Mara nne naosha ndipo manjano yatoke manjano."

"Kwa nini usianze na manjano, ukaishia na nyeusi?"

Mzee wa boila alicheka tena, safari hii kwa kinywa kizima. Mama Rangi hakucheka. Alikwenda kwenye kabati la chuma, akatoa faili, akamletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya kiwanda, ya miaka saba iliyopita. Ilisema: Kuhusu ombi lako la kubadilisha mpangilio wa rangi, tunakukumbusha kuzingatia ratiba kama ilivyo. Chini kulikuwa na sahihi. Mnunuzi aliijua ile sahihi vizuri, na ule mkia wake wa madaha.

"Nilikuandikia," alisema Mama Rangi. "Ukanijibu hivyo. Nikajiambia, nikizidi kusema watatafuta mtia rangi mwingine. Nina watu kumi na mmoja hapa. Nikafunga mdomo, nikatia Ndiyo."

Mnunuzi alihisi masikio yanamchoma. Hakuikumbuka barua hata kidogo. Alikuwa ameitia sahihi katikati ya barua nyingine ishirini, na pengine wakati huo alikuwa akizungumza kwenye simu. Aliomba aoneshwe ratiba yenyewe. Ilikuwa imebandikwa mlangoni: Jumatatu damu ya mzee, Jumanne kijani, Jumatano manjano, Alhamisi nyeusi, Ijumaa samawati, Jumamosi waridi. Aliisoma mara mbili. Ya tatu aliisoma polepole, akigusa kila neno kwa kidole. D, K, M, N, S, W.

Alikaa juu ya robota, akaanza kucheka mpaka machozi. Ratiba ilipangwa kwa alfabeti. Miaka tisa maji yalikuwa yakimwagwa kwa sababu herufi N inakuja kabla ya S. Na aliyeipanga alimjua, maana Jumapili walikula meza moja.

"Mama, hebu niambie lingine," alisema akijifuta macho. Sasa alikuwa amevua koti. "Lingine ni lipi?"

"Una uhakika unataka?"

"Nataka."

"Ni waridi yako," alisema Mama Rangi. "Kila mzigo wa waridi ninaokuletea unaukataa. Imekolea mno, unasema. Miaka ya kwanza hukuwa hivyo. Sasa nimejifunza: naitia rangi sawasawa, halafu naipausha kwa dawa, naisuuza mara tatu, ndipo unaikubali. Mtu mzima nakaa naharibu kazi yangu kwa mikono yangu."

Mnunuzi alitoa bahasha, akachomoa kipande chake cha waridi. "Lakini mfano ndio huu, mama. Tulikata kitambaa kimoja katikati, nusu kwako, nusu kwangu, siku tulipoanza."

"Yangu ninayo." Alitoa mkebe wa biskuti uliofungwa kwa mpira, akafunua karatasi nyeusi, akakiweka kipande chake kando ya kile cha Mnunuzi. Kingo zililingana, uzi kwa uzi, mpaka pale mkasi ulipopinda kidogo. Lakini kimoja kilikuwa waridi kama ua lililochanua leo asubuhi, na cha pili kilikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondoshewa tone la damu.

Pampu iliendelea kunguruma.

"Unakiweka wapi cha kwako?" aliuliza Mama Rangi, taratibu kabisa.

"Dirishani," alisema Mnunuzi. "Nimekibandika dirishani ili nipate mwanga mzuri wa kukagulia."

Safari hii waliocheka walikuwa wote kumi na wawili, Mama Rangi mbele yao, ameshika mbavu. Mnunuzi naye alicheka ingawa aibu ilikuwa inamla. Chini ya ile aibu alihisi kitu alichokuwa hajakihisi kazini kwa muda mrefu, raha fulani, kama ya mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe ameushika mkononi. Theluthi ya maji haikuwa mbali. Ilikuwa pale pale, mbele ya macho, kwenye mlango na ndani ya mkebe wa biskuti.

Alirudi kiwandani karibu anakimbia, akaingia moja kwa moja chumba cha mpangaji wa kazi. Mpangaji alikuwa mdogo wa mke wake. Kiwanda kizima kilimwita Rula, kwa kuwa hakuweza kupiga mstari hata chini ya jina lake bila kuitafuta rula.

"Shemeji, nani alikwambia upange rangi kwa alfabeti?"

Rula aliinua macho. "Hakuna aliyeniambia. Niliona inapendeza. Kuna kosa?"

"Kosa? Shemeji, unaijua nyeusi inavyoganda kwenye bomba?"

Alimweleza yote, kwa pupa, maneno yakigongana. Rula alisikiliza uso umekaza. Kisha akavuta faili la ratiba za miaka yote, akalipigapiga kiganja. "Humu hamna kosa hata moja. Hakuna siku iliyorukwa. Hakuna rangi iliyosahaulika. Ukitaka kumfurahisha mtia rangi, mfurahishe kwa kazi yako, usichezee ya kwangu." Akampa mgongo.

Jumapili Rula alikuja kula kama kawaida, lakini alikaa upande wa pili wa meza, akawa anaongea na dada yake tu. Mke wa Mnunuzi alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na ugomvi wa watoto wawili juu ya kiti kimoja haukuwa jambo geni kwake. Aliwaacha mpaka chai.

"Wewe," alimwambia mumewe, "ulikwenda ukaona kwa macho yako ndipo ukabadilika, siyo?"

"Ndiyo."

"Sasa mdogo wangu unataka abadilike kwa kupigiwa kelele?" Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, kesho utakwenda naye. Vaa viatu vibovu."

Rula hakuvaa viatu vibovu. Alikwenda na vile vyeusi vya kamba, vinavyong'aa, na hatua ya nne tu ndani ya karakana alitumbukiza mguu wa kulia kwenye mfereji wa damu ya mzee. Mama Rangi alitaka kumletea kitambaa akakataa, maana alikuwa ameshaanza kuangalia. Alisimama mbele ya mashine akatazama inajiosha. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Baada ya ile ya pili alitoa daftari. Baada ya ile ya tatu alimuuliza mzee wa boila kila mwosho huchukua dakika ngapi, na magogo mangapi. Kisha akamgeukia Mama Rangi na maswali mfululizo: kutoka kijani kwenda damu ya mzee ni miosho mingapi? Mmoja. Kutoka waridi kwenda samawati? Mmoja, nusu mashine. Kutoka manjano kwenda waridi? Hakuna, mwanangu, hapo naunganisha tu.

"Hakuna kabisa?" aliuliza Rula, na Mnunuzi aliona kitu kinawaka usoni mwa shemeji yake.

"Hakuna kabisa."

Rula aliketi juu ya debe la chumvi, akatoa rula. Alichora jedwali: rangi sita pembeni, rangi sita juu, na katika kila kichumba idadi ya miosho. Mama Rangi alisimama nyuma yake akimsahihisha, kidole chake cha samawati kikiacha alama kwenye karatasi safi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Rula hakulalamikia alama. Ratiba ya zamani ilikuwa inakula miosho kumi na tisa kwa wiki. Walipanga, wakapangua, wakabishana. Rula akasema ngoja, ngoja, tuweke kijani baada ya samawati. Wakahesabu tena. Manjano, waridi, samawati, kijani, damu ya mzee, nyeusi. Miosho saba, mitano kati yake ya Jumamosi jioni baada ya nyeusi.

"Saba," alisema Rula. Akarudia, kama mtu anayeonja kitu kitamu. "Shemeji, saba."

"Nimesikia."

"Ningekuja hapa miaka tisa iliyopita."

"Na mimi," alisema Mnunuzi.

Lakini Mama Rangi aliinua mkono. "Msifurahi bado. Nyie mna tabia. Ratiba inakuja Jumatatu, Jumatano simu inalia: mama, acha hiyo, tuletee kijani sasa hivi. Simu moja tu hiyo inaniharibia wiki nzima. Nipeni neno kwamba ratiba ikishatoka haiguswi. Na nipeni ya wiki nne mbele, ninunue rangi mapema, nipange watu wangu. Bila hivyo hilo jedwali lenu ni pambo."

Hilo lilikuwa la Mkurugenzi. Wakampelekea siku hiyo hiyo, Rula na kiatu chake chekundu, wote wawili wakiongea kwa pamoja.

"Na hospitali ikinipigia ikitaka kijani kesho?" aliuliza Mkurugenzi.

"Tuwaulize kama kweli huwa wanaitaka kesho," alisema Mnunuzi. Wiki moja nyuma asingethubutu. Alipiga simu pale pale, mbele ya meza yake, kwa mtunza stoo wa hospitali, mtu ambaye alikuwa akiandikiana naye kwa miaka bila kuisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya upole. Hapana, alisema mtunza stoo, kwa kweli si lazima iwe kesho. Yeye huagiza haraka kwa sababu huwa hajui mzigo utafika lini. Akiambiwa kijani kinakuja kila Ijumaa bila kukosa, atapanga rafu zake kwa Ijumaa.

Mkurugenzi alishika tama akiwatazama wote wawili. "Kumbe kila mtu anamkimbiza mwenzake kwa sababu hajui," alisema. Kisha akavuta karatasi na kumwandikia Mama Rangi kwa mkono wake: ratiba ya wiki nne, haibadilishwi kwa simu ya mtu yeyote, hata yangu.

Wiki ya majaribio ilianza Jumatatu iliyofuata. Kwa ratiba ya zamani, mita ya karakana ilikuwa ikila uniti mia nne na kumi kwa wiki. Theluthi ikitoka, walihitaji kushuka chini ya mia mbili sabini na nne. Kila jioni saa kumi na moja Mama Rangi alisoma mita na kupiga simu, na kila jioni saa kumi na moja kasoro tano Mnunuzi na Rula walikuwa wameshaketi mbele ya simu kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Jumatatu: ishirini na tisa. Rula aliomba arudie. Ishirini na tisa. Jumanne, siku ya waridi, ishirini na nane, bila dawa ya kupaushia hata kijiko.

Jumatano asubuhi mambo nusura yaharibike. Mnunuzi alikuwa ghalani akikagua vifungo aliposikia lori linarudi nyuma getini, na mtu anasema waridi imekataliwa. Alitoka mbio. Mkaguzi wa vitambaa, binti makini aliyefundishwa na Mnunuzi mwenyewe, alikuwa amekwenda dirishani, akalinganisha mzigo na doa lililobaki pale, maana kile kipande kilikaa muda mrefu hata kikaacha kivuli chake kwenye ubao. Kwa macho yake waridi ya leo ilikuwa imekolea mara mbili. Dereva alikuwa ameshatia gia.

Mnunuzi alisimama mbele ya lori, mikono ameitandaza, pumzi zimemwishia. "Shusha," alimwambia dereva. "Shusha zote."

"Lakini wewe mwenyewe ulituambia—" alianza mkaguzi.

"Nilikosea mimi. Miaka mingi nimekosea." Alisema kwa sauti, mbele ya wapakuzi na mlinzi wa geti, na akashangaa jinsi lilivyotoka kwa urahisi. Alifungua ile karatasi nyeusi ya mkebeni, aliyokuwa amekabidhiwa na Mama Rangi, akakata kile kipande kizuri vipande vitatu: kimoja chake, kimoja cha mkaguzi, kimoja kirudi mkebeni. Wakaweka kimoja juu ya robota la kwanza. Ukikitazama hukujua kinaanzia wapi. Mkaguzi alipitisha kidole juu yake, akasema, "Kumbe ndiyo hii," na akaenda kung'oa ule ubao wa dirishani kwa bisibisi.

Jumatano thelathini na tatu. Alhamisi thelathini na moja. Ijumaa thelathini na nane. Jumamosi hawakuweza kusubiri simu. Walikwenda, Mnunuzi, Rula, mke wa Mnunuzi aliyesema na yeye amechoka kusimuliwa, na Mkurugenzi aliyekuja nyuma yao na gari lake akidai alikuwa anapita tu. Walisimama mbele ya mita pamoja na wale watu kumi na mmoja, mvuke ukiwalowesha nyuso. Mashine ilikuwa inamaliza mwosho wa tano wa nyeusi. Mshale ulizunguka, ukapunguza, ukasita, ukasimama.

Mzee wa boila alivaa miwani na kusoma tarakimu moja moja. Rula aliandika, akatoa, akahakikisha.

"Leo sitini," alisema. "Jumla, mia mbili kumi na tisa."

Mkurugenzi alimshika Mama Rangi mkono, akautikisa, hakuuachia. Mke wa Mnunuzi alimkumbatia mdogo wake aliyekuwa bado anaangalia daftari. Mnunuzi alitoka nyuma ya jengo peke yake. Huko aliona matangi ya kutuliza majitaka, yale ambayo, kwa maelezo ya Mama Rangi, kila Ijumaa yalikuwa yakifurika mpaka kwenye njia. Yalikuwa yamejaa nusu tu, yametulia, na kando yake jirani mmoja alikuwa ameanika nguo zake nyeupe mahali ambapo zamani hapakupitika.

Wakashikilia ratiba ile kwa wiki zote zilizobaki. Kuna wiki ilipanda mpaka mia mbili arobaini, bomba lilipopasuka, na wiki nyingine ilishuka mpaka mia mbili na nne. Mtu wa hospitali alikuja na fomu yake ndefu. Mnunuzi hakumjazia. Alimpeleka kwa Mama Rangi, akawaacha wawili wale mbele ya mita, naye akaenda kunywa chai na mzee wa boila. Mkataba mpya ulitiwa sahihi kabla ya mwezi kwisha, na kwa ombi la mtunza stoo ilibandikwa ndani yake ratiba ya Rula, na mistari yake iliyonyooka.

Siku chache baadaye Mama Rangi alikuja kiwandani. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Miaka tisa alikuwa akitia rangi vitambaa bila kuona hata vazi moja lililotokana navyo. Mnunuzi alimpitisha katikati ya cherehani, safu baada ya safu, na kelele zake za kutatarika. Mbele ya meza ya mwisho palitundikwa magauni madogo ya watoto, ya waridi, mifuko yake midogo mbele. Mama Rangi alilishika moja, akaligeuza ndani, akaangalia mshono, akalinusa.

"Imekaa vizuri," alisema kwa sauti ndogo.

"Imekaa vizuri sana, mama."

Alilirudisha, akatazama huku na huku. Chini ya meza ya kukatia palikuwa na mlima wa vipande, vya rangi zote sita, vingine virefu kama mkono.

"Na hivi mnavipeleka wapi?"

"Vinachomwa," alisema Rula, aliyekuwa amewafuata.

"Vinachomwa? Mwanangu, mimi kila siku nanunua matambara ya kuzibia na kufutia mashine. Na kuna mtu jirani yangu anajaza mito na magodoro, analia hana cha kujazia." Alikuwa ameshapiga magoti, anavitenganisha, waridi huku, kijani kule. "Huyu anayekata, anakata kwa mpango gani? Mbona hapa anaacha nafasi kubwa namna hii?"

Rula alichuchumaa. Mnunuzi naye alivua koti, akachuchumaa. Fundi mkataji aliacha mkasi, akaja kusimama juu yao, mikono kiunoni, akisema kwamba yeye anakata hivyo kwa sababu upana wa kitambaa unaoletwa ndio unaomlazimisha, na ameshaandika juu ya jambo hilo mara mbili.

"Uliandika kwa nani?" aliuliza Mnunuzi.

"Kwako."

"Basi kaa hapa," alisema Mnunuzi, akimsogezea kigoda. "Tueleze tangu mwanzo."